Majani mawili ya kwanza: Chakula cha njiani ambacho mbegu hufungiwa na mama yake

MVUA za kwanza zikishalaza vumbi la Mwembesongo, nyua za nyumba nyingi hubadilika. Kiroba kilichokatwa nusu hujazwa udongo na samadi. Ndoo ya rangi iliyopasuka hugeuka kitalu cha mchicha. Mtoto aliyetoka shule naye hufukia punje tano za maharage pembeni mwa ukuta, akisema mwalimu ameagiza.

Baada ya siku tano hadi saba hivi, vitu viwili vinene vya kijani kilichopauka hutokeza juu ya udongo. Havifanani na majani ya maharage yanayochumwa kwa mboga. Ni vinene kama vidole vya mtoto mchanga, na mtu asiyevijua hudhani ni maganda tu.

Hapo ndipo hasara huanza. Kuku wanaachwa wapite. Mtoto mdogo anavibandua kwa udadisi. Wiki mbili baadaye mzazi anaona vilivyobaki vimekuwa vya njano na vimesinyaa, anakimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ugonjwa ambao haupo.

Vitu hivyo ni majani ya mbegu. Kwenye vitabu vya sayansi huitwa kotiledoni. Katika siku za mwanzo, hiyo ndiyo akiba yote aliyo nayo mche kabla haujaweza kujitafutia chakula. Nyumba inayoyaelewa majani haya hupoteza mbegu chache, hujua vizuri inachokula, na hupata somo la sayansi la mtoto bila kununua kitabu.

Fungua harage moja

Njia rahisi ya kuyaona ni kuloweka maharage machache usiku kucha. Asubuhi ganda la nje huwa limelegea. Limenye, kisha tenganisha taratibu vipande viwili vilivyobaki.

Katikati yao, upande mmoja, kuna kitu kidogo kilichojikunja. Ncha moja ni mzizi wa baadaye. Ncha nyingine ina vijani viwili vyeupe vilivyokunjwa kama nguo sandukuni. Huo ndio mche wenyewe, umelala.

Vile vipande viwili vikubwa ndiyo majani ya mbegu. Vinachukua takribani asilimia 90 ya uzito wa harage kavu. Mzizi na kichipukizi kwa pamoja hufikia asilimia 1 au 2 tu, na kinachobaki ni ganda. Kwa maneno mengine, mtu anayekula maharage anakula chakula ambacho mmea mama alimfungia mtoto wake kabla podo halijakauka: wanga mwingi, na protini inayofikia kati ya asilimia 20 na 25.

Mbegu ikipata maji, joto na hewa, inaamka. Vimeng'enya ndani yake huanza kuvunja wanga kuwa sukari, na sukari hiyo husafiri kutoka kwenye majani ya mbegu kwenda kwenye mzizi. Mzizi hutoka kwanza na kushuka chini kushika maji. Baadaye shingo ya mche hupinda kama ndoano, husukuma udongo kwa mgongo wake, na huvuta vile vipande viwili nyuma yake hadi juani.

Vikifika kwenye mwanga, shingo hunyooka. Vipande hivyo hubadilika kuwa vya kijani na husaidia kidogo kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Lakini kazi yake kubwa ni kutoa akiba. Katikati yao hufunguka majani mawili mapana yenye umbo la moyo, kisha hufuata yale ya matatu matatu ambayo kila mpishi anayajua.

Kadiri majani halisi yanavyokua, ndivyo majani ya mbegu yanavyopungua unene. Husinyaa, huwa ya njano na kudondoka. Mche haujaugua. Umemaliza chakula cha njiani na sasa unajipikia.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwanasayansi wa Italia, Marcello Malpighi, aliyeishi kati ya 1628 na 1694, aliondoa majani ya mbegu kwenye miche michanga na kuona kwamba ukuaji wake ulikwama. Mwingereza John Ray naye, katika kitabu chake cha 1682, aliigawa mimea kwa kuangalia kama mbegu yake ina jani moja au majani mawili. Mgawanyo huo ndio ambao watoto wanaendelea kuusoma darasani.

Mengine hayatoki kabisa

Si kila mbegu hupandisha akiba yake juu. Maharage, kunde, choroko, maboga, nyanya na mchicha hupandisha. Njegere, mbaazi na dengu huiacha chini ya udongo, na kinachotokeza ni kichipukizi peke yake.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa mwenye bustani. Harage likikatwa shingo chini ya majani yake mawili ya mbegu, limekufa, kwa sababu macho yote ya kuchipua yalikuwa juu ya hapo. Mche wa njegere ukidonolewa na kuku unaweza kutoa chipukizi jingine, kwa kuwa akiba pamoja na macho ya kuchipua vimebaki salama ardhini.

Ndiyo maana mzazi anayeotesha maharage na njegere kwenye ua mmoja hapaswi kushangaa kuku wakipita na kesho yake kukuta tofauti. Kitalu cha maharage huenda kikahitaji kupandwa upya. Kile cha njegere kisubiriwe siku chache kabla ya kukatiwa tamaa.

Mwembe, mti uliomo ndani ya jina la Mwembesongo, nao ni wa kundi la wanaoacha akiba chini. Ndani ya kokwa la embe kuna majani mawili ya mbegu, makubwa na yenye unyevu. Kokwa likitupwa pembeni mwa ua msimu wa maembe, mara nyingi hutoa mche wenye majani mekundu-kahawia wakati akiba yenyewe ingali imejificha ndani ya kokwa. Maembe mengi ya kienyeji hutoa hata miche miwili au mitatu kutoka kokwa moja.

Kuna jambo moja la kukumbuka. Majani ya mbegu ya embe na ya parachichi hayavumilii kukauka. Harage kavu linaweza kungoja hadi msimu ujao, lakini kokwa la embe lililoachwa juani kwa wiki kadhaa hufa. Anayetaka mche alifukie mapema baada ya tunda kuliwa.

Juu ya Mwembesongo, kwenye miamba yenye kivuli ya milima ya Uluguru, kuna mimea midogo inayolipeleka jambo hili mbali zaidi. Ni jamii ya ua la zambarau la Usambara, ambalo leo hupandwa kwenye vyungu madirishani sehemu nyingi duniani. Miche ya jamii hii huanza na majani mawili ya mbegu yaliyo sawa, kisha moja huendelea kukua na kulizidi jingine. Baadhi ya ndugu zake wa Afrika Kusini hawatoi jani jingine kamwe: jani moja la mbegu hukua na kuwa jani pekee la maisha yao yote.

Mahindi, sembe na dona

Punje ya hindi ina jani moja tu la mbegu, nalo halitoki nje. Sehemu kubwa ya chakula cha mche wa hindi haimo kwenye jani hilo, bali kwenye ile sehemu nyeupe ya punje inayotoa unga. Jani la mbegu limebanwa kati ya unga huo na mche, likinyonya sukari na kuipitisha, kama mrija.

Jani hilo ndilo sehemu kubwa ya kile ambacho watu hukiita kiini cha hindi. Kiini ni karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa punje, lakini hubeba zaidi ya robo tatu ya mafuta yake yote, pamoja na protini nzuri na vitamini.

Mahindi yakikobolewa ili kupata sembe, kiini na ganda huondoka na kuwa pumba. Pumba huenda kwa kuku na nguruwe. Unga wa dona husagwa na punje nzima, hivyo kiini hubaki kwenye sahani ya familia. Mzazi anayejiuliza kwa nini watu wa lishe husisitiza dona ana jibu hapo: sehemu iliyotayarishwa kumkuza mtoto wa hindi ndiyo inayotupwa.

Dona ina masharti yake. Kwa kuwa ina mafuta, haikai muda mrefu kama sembe, kwa hiyo isagwe kidogo kidogo. Mahindi yachambuliwe kwanza, na punje zenye ukungu, zilizovunjika au zilizobadilika rangi ziondolewe, kwa sababu sumukuvu haiishi kwa kupikwa.

Nazi ni mfano mwingine wa jani moja. Nazi ikiachwa mpaka iote, ndani yake hutokea kitu cheupe, laini kama sifongo na chenye utamu, ambacho watoto wa pwani hukigombania. Hicho ni sehemu ya jani la mbegu la mnazi, nalo limekuja kunyonya chakula kilichomo ndani ya kifuu.

Mambo matano yanayoua miche michanga

La kwanza ni kina. Mbegu hupanda juu kwa akiba yake tu. Mbegu ndogo ikizikwa mbali, chakula huisha kabla haijaona mwanga. Kanuni ya bustani ni kufukia mara mbili au tatu ya unene wa mbegu. Maharage hufukiwa sentimita 3 hadi 5, mahindi karibu sentimita 5. Mchicha na nyanya hazihitaji hata sentimita 1; hunyunyiziwa udongo laini juu tu.

La pili ni udongo uliogandamana. Mvua kubwa ikifuatiwa na jua kali hufanya tabaka gumu juu. Harage linalovuta majani yake mawili hukwama hapo na kuvunjika shingo. Kuweka nyasi kavu kiasi juu ya kitalu husaidia, mradi ziondolewe au zitawanywe miche inapoanza kutokeza.

La tatu ni maji kupita kiasi. Mbegu inayoamka inapumua. Kopo lisilo na tundu chini hujaa maji, hewa hukosekana, na akiba huoza kabla haijatumika. Tundu mbili au tatu za msumari hutosha.

La nne ni mbolea iliyowekwa mapema. Mche unaoishi kwa majani ya mbegu hauna njaa. Mbolea ya chumvichumvi ikigusa mbegu au mzizi mchanga, huunguza.

La tano ni wadudu wa ghalani. Fukusi wa maharage hutaga mayai kwenye punje au karibu nayo, na funza wake hutoboa na kuishi ndani akila majani ya mbegu. Harage lililobunguliwa linaweza kuota kama mche wenyewe haujaguswa, lakini huota dhaifu kwa sababu chakula chake kimeliwa na mwingine. Kwa hiyo maharage ya mbegu yakaushwe vizuri na yahifadhiwe kwenye chombo au mfuko usiopitisha hewa, ambamo wadudu hukosa pumzi na kufa.

Morogoro ina bahati ya kuwa mji wa mbegu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichoanzishwa mwaka 1984, kimetoa aina za maharage zinazolimwa na wakulima, zikiwemo SUA 90 na Rojo. Makao makuu ya TOSCI, taasisi inayosimamia ubora wa mbegu nchini, nayo yapo mjini hapa.

Pima mbegu kabla ya kupanda

Si lazima mtu awe na maabara kujua kama mbegu zake ziko hai. Achukue punje 20 bila kuchagua nzuri peke yake. Azipange kwenye kitambaa safi kilicholowa, akikunje, akiweke kwenye sahani kivulini na ahakikishe hakikauki.

Baada ya siku saba ahesabu zilizotoa mzizi wenye afya. Zikiwa 16 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa karibu 10, apande mbili kwenye kila shimo. Zikiwa chache kuliko hapo, bora azipike kama ni maharage ya chakula na atafute mbegu nyingine. Siku saba hizo zinaweza kuokoa msimu mzima wa vuli au masika, kwa sababu mvua haisubiri anayegundua makosa baada ya wiki tatu.

Anayenunua mbegu dukani aangalie pakiti iliyofungwa, lebo ya TOSCI na tarehe ya kuisha muda wake. Mbegu zilizopakwa rangi, kama nyekundu, waridi au bluu, kwa kawaida zimetiwa dawa ya kuua wadudu au ukungu. Hizo hazioshwi zikapikwa, hazipewi kuku, na mtoto asizichezee. Kwa jaribio la shule, tumia maharage ya kawaida ya jikoni.

Tahadhari nyingine ni ya maharage mabichi yaliyolowekwa. Yakishalainika humvutia mtoto kutafuna. Majani ya mbegu ya maharage yana kinga ya asili dhidi ya walaji, nayo huleta kutapika na kuharisha. Kuchemsha kwa nguvu mpaka yaive huiondoa kinga hiyo. Maji ya kulowekea yamwagwe.

Jaribio la kufanya na mtoto

Panda maharage tisa kwenye makopo matatu, matatu kila kopo. Yakishatokeza na kunyooka, acha kopo la kwanza kama lilivyo. Kwenye kopo la pili, kata kwa uangalifu jani moja la mbegu kwa kila mche. Kwenye la tatu, kata yote mawili bila kugusa kichipukizi cha katikati.

Yawekwe sehemu moja yenye jua na yapewe maji sawa. Kila siku ya tatu mtoto apime urefu kwa rula na aandike kwenye daftari. Baada ya wiki mbili tofauti huonekana kwa macho, na mtoto atakuwa amepata jibu bila kuambiwa. Miche ya kopo la tatu mara nyingi hubaki nyuma, yenye majani madogo.

Kopo la nne linaweza kuwa la mahindi, ili aone kinachotokeza ni ncha moja iliyochongoka, si vipande viwili. Akiuliza jani la mbegu liko wapi, chimbueni punje moja pamoja na mkate katikati. Atalikuta palepale, limekumbatia unga.

Mtoto anawe mikono kwa sabuni akimaliza, hasa kama udongo umechanganywa na samadi.

Lini mche uachishwe

Kwa mzazi mwenye bustani, majani ya mbegu ni kalenda pia. Yakiwa bado manene na ya kijani, mche wa maharage unahitaji maji kiasi, jua, na ulinzi dhidi ya kuku tu. Matawi machache ya miiba au kipande cha chandarua cha zamani juu ya kiroba hutosha.

Yakianza kuwa ya njano wakati majani ya matatu matatu yamefunguka, muda wa kupunguzia miche iliyosongamana umefika. Huo pia ndio wakati wa kuweka samadi iliyooza vizuri, umbali wa kiganja kutoka shinani. Kabla ya hapo mche ulikuwa unakula kwa mama yake. Kuanzia hapo unategemea udongo wa kwenye kiroba.

Tofauti moja ichunguzwe. Ikiwa majani ya mbegu yamesinyaa lakini majani mapya ni ya kijani na yanaongezeka, hakuna dawa ya kununua. Ikiwa majani mapya ndiyo yenye madoa, yamejikunja au yananjanoka, hapo kuna tatizo la kweli, na mtu wa kumuuliza kwanza ni ofisa ugani wa kata kabla ya muuza dawa.